Johannes Kepler: mkimbizi aliyepima sayari na pipa la divai

Leo tunawaletea maisha ya Johannes Kepler, mtaalamu wa hesabu na nyota aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1571 na kufariki mwaka 1630. Wanafunzi wa sekondari humkuta katika somo la fizikia kwa sababu ya kanuni zake tatu za mwendo wa sayari. Lakini kuna mambo mawili ambayo wengi hawayajui juu yake. La kwanza, alifukuzwa alikoishi kwa sababu ya dini yake, na sehemu kubwa ya kazi zake alizifanya akiwa mgeni katika miji ya watu. La pili, mtu huyo aliyepima njia za sayari aliwahi kuuliza swali ambalo kila mama anayenunua mafuta au maharage kwa kopo huliuliza: je, kipimo hiki ni cha haki?

Maisha yake yanatusaidia kuelewa vipimo vitatu tunavyofundishwa darasani na kuvitumia kila siku, yaani urefu, eneo na ujazo. Tutamfuata mji kwa mji, na kila tunapofika tutaona alipima nini.

Utoto wa shida

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa. Alikwenda vitani kwa malipo, akarudi, akaondoka tena, hadi mwishowe akaondoka moja kwa moja. Mama yake, Katharina, binti wa mwenye nyumba ya wageni, ndiye aliyebaki na watoto. Johannes aliugua ndui akiwa mdogo. Alipona, lakini macho yake yalibaki dhaifu na mikono yake haikuwa sawa tena. Kwa kazi ya shamba au ya jeshi, hakuna aliyemtegemea.

Mwaka 1577 nyota yenye mkia mrefu ilionekana angani, na mama yake akampeleka mahali palipoinuka ili aione. Miaka mitatu baadaye aliona mwezi ukipatwa. Mambo hayo hakuyasahau.

Bahati yake ilikuwa shule. Eneo la Württemberg lilikuwa na utaratibu wa kuwasomesha watoto wenye akili ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Kepler alipata nafasi hiyo, akasoma Maulbronn, kisha mwaka 1589 akaingia chuo kikuu cha Tübingen. Nia yake ilikuwa kuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Huko Tübingen mwalimu wake wa hesabu, Michael Maestlin, alimfundisha fikra ya Copernicus kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua. Wakati huo wasomi wengi walikuwa bado hawaikubali.

Mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo ya dini, shule ya Kiprotestanti ya mji wa Graz, katika Austria ya leo, iliomba mwalimu wa hesabu. Chuo kikampeleka Kepler. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Graz: amri ya kuondoka

Huko Graz alifundisha, akaandika kitabu chake cha kwanza cha nyota mwaka 1596, na mwaka 1597 akamwoa Barbara Müller, mjane mwenye binti mmoja aitwaye Regina. Watoto wawili wa kwanza wa Kepler na Barbara walifariki wakiwa wachanga.

Nyakati hizo katika nchi za Ulaya ya kati mtawala ndiye aliyeamua dini ya watu wake. Mtawala wa eneo la Graz, Ferdinand, alikuwa Mkatoliki na alitaka watu wake wote wawe hivyo. Mahali pengine watawala wa Kiprotestanti walifanya vivyo hivyo kwa Wakatoliki. Mwezi Septemba 1598 Ferdinand alitoa amri kwamba wahubiri na walimu wa Kiprotestanti waondoke. Kepler aliondoka pamoja na wenzake, ila yeye aliruhusiwa kurudi baada ya muda mfupi.

Mwaka 1600 amri ilikuja tena, na safari hii ilimhusu kila mkazi. Watu waliitwa mbele ya tume, mmoja mmoja, waseme dini yao. Aliyekataa kubadili aliambiwa aondoke, na kabla ya kuondoka alipe sehemu moja ya kumi ya mali yake. Kepler alikataa. Alimwandikia mwalimu wake wa zamani kule Tübingen akiomba msaada wa kupata kazi nyumbani, lakini nafasi haikupatikana. Mwisho wa Septemba 1600 alifunga mizigo, akatoka Graz na mke wake na Regina, akaelekea Prague, mji mkuu wa Ucheki ya leo.

Prague: eneo linalosema ukweli

Huko Prague alikuwepo Tycho Brahe, bingwa wa kupima mahali pa nyota. Naye alikuwa ameiacha nchi yake, Denmark, mwaka 1597 baada ya kutofautiana na mfalme. Darubini ilikuwa haijaanza kutumika kutazama anga. Tycho alitumia macho yake na vyombo vikubwa vya kupimia pembe, na kwa miaka mingi aliandika vipimo vilivyokuwa sahihi kuliko vya mtu yeyote kabla yake. Mwezi Oktoba 1601 Tycho alifariki. Kepler, mkimbizi aliyekuwa na mwaka mmoja tu mjini, akapewa cheo cha mwanahesabu wa Kaisari Rudolf wa Pili. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini mshahara mara nyingi ulichelewa au haukuja.

Kazi aliyopewa ilikuwa kueleza mwendo wa sayari ya Mirihi. Watu wote waliamini kwamba sayari huzunguka katika duara kamili. Kepler akapiga hesabu kwa miaka, hadi akapata duara lililokubaliana na vipimo vya Tycho karibu kila mahali. Palikuwa na tofauti ndogo tu, dakika 8 za pembe. Duara zima lina digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Ukiutazama mwezi mpevu, upana wake ni dakika 30 hivi, kwa hiyo kosa lile lilikuwa kama robo ya upana wa mwezi. Mtu mwingine angeliacha lipite. Kepler alijua kwamba Tycho hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho, basi akaitupa hesabu yake mwenyewe na kuanza upya.

Alipoanza upya aligundua kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo, na Jua haliko katikati yake kamili. Aligundua jambo jingine pia, na hapa ndipo tunafika kwenye kipimo cha eneo.

Urefu hupimwa kwa mstari. Unanyoosha kamba kutoka hapa hadi pale na kuhesabu mita. Eneo ni tofauti: ni kiasi cha uso unaofunikwa, na huhesabiwa kwa vipande vya mraba. Chukua mfano wa kiwanja. Una kamba ya mita 100 ya kuzungushia bustani. Ukiifanya iwe na upana wa mita 10 na urefu wa mita 40, kamba yote inatumika na eneo ni mita za mraba 400. Ukiifanya mita 20 kwa 30, kamba ni ileile, lakini eneo ni mita za mraba 600. Ukiifanya mita 25 kila upande, eneo ni 625. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba viwanja viwili viko sawa kwa sababu uzio wake una urefu mmoja, usikubali haraka. Urefu wa kuzunguka hausemi ukubwa wa ndani.

Kepler aliona jambo la namna hiyo angani. Alipopima urefu wa njia ambayo Mirihi hupita kila siku, hakupata utaratibu: sayari ilikwenda mbio ikiwa karibu na Jua na polepole ikiwa mbali. Alipoacha urefu na kupima eneo, utaratibu ukaonekana. Fikiria mstari kutoka Jua hadi kwenye sayari, unaofagia anga kadiri sayari inavyokwenda. Katika muda ulio sawa, eneo linalofagiwa ni sawa siku zote. Karibu na Jua kipande ni kifupi na kipana, mbali na Jua ni kirefu na chembamba, ila ukivihesabu vinalingana. Kanuni hizo mbili alizichapisha mwaka 1609 katika kitabu kiitwacho Astronomia Nova.

Linz: fimbo ya muuza divai

Mwaka 1611 ulikuwa mwaka wa msiba. Mtoto wake wa kiume, Friedrich, alifariki kwa ndui, kisha mke wake Barbara naye akafariki. Askari walikuwa wameingia Prague na Kaisari Rudolf alikuwa akipoteza madaraka yake. Mwaka 1612 Kepler alihamia Linz, mji ulioko kando ya mto Danube huko Austria, akawa mwanahesabu wa jimbo. Mwezi Oktoba 1613 alimwoa Susanna Reuttinger.

Mwaka ule mavuno ya zabibu yalikuwa mazuri, na mapipa ya divai yaliletwa Linz kwa mashua yakauzwa kwa bei nafuu. Kepler akanunua kwa ajili ya nyumba yake mpya. Muuzaji alipokuja kupima alikuwa na fimbo moja tu yenye alama. Pipa lilikuwa limelazwa, na juu yake katikati palikuwa na tundu. Muuzaji aliichomeka fimbo kwa kuilaza mshazari, kutoka kwenye tundu hadi chini kabisa ya kifuniko cha mwisho wa pipa. Akasoma alama, akataja kiasi cha divai na bei. Pipa nene au jembamba, refu au fupi, fimbo ilikuwa ileile.

Kepler alishangaa. Fimbo hupima urefu, na divai ni ujazo. Inawezekanaje urefu mmoja useme kiasi cha kitu kinachojaza pipa zima?

Tukumbuke maana ya ujazo. Ni nafasi ambayo kitu huchukua, na huhesabiwa kwa vipande vyenye pande tatu: urefu, upana na kimo. Sanduku lenye sentimita 10 kila upande lina sentimita za ujazo 1,000, na hiyo ndiyo lita moja. Dumu la lita 20 ni sawa na masanduku 20 ya namna hiyo. Sanduku lenye mita moja kila upande hubeba lita 1,000, yaani madumu 50.

Sasa tujaribu fimbo ya muuzaji kwa hesabu. Ili iwe rahisi, tuchukulie pipa kama bomba lililonyooka bila tumbo. Ujazo wake hupatikana kwa kuzidisha 3.14 kwa nusu ya kipenyo, kwa nusu ya kipenyo tena, halafu kwa urefu wa pipa.

Pipa la kwanza lina kipenyo cha sentimita 80 na urefu wa sentimita 120. Kutoka tundu la katikati hadi mwisho wa pipa ni nusu ya urefu, yaani 60. Fimbo inakwenda chini 80 na pembeni 60, kwa hiyo mshazari wake ni sentimita 100, kwa sababu 60 mara 60 kujumlisha 80 mara 80 ni 10,000, na hiyo ni 100 mara 100. Ujazo ni 3.14 mara 40 mara 40 mara 120, ambao ni lita 603 hivi.

Pipa la pili ni jembamba na refu. Kipenyo chake ni sentimita 60 na urefu ni sentimita 160. Fimbo inakwenda chini 60 na pembeni 80. Mshazari ni sentimita 100 vilevile. Lakini ujazo ni 3.14 mara 30 mara 30 mara 160, ambao ni lita 452 hivi.

Fimbo inasoma alama moja na mnunuzi analipa bei moja, lakini katika pipa la pili amekosa lita 151, zaidi ya madumu saba ya lita 20.

Je, muuzaji wa Linz alikuwa mwizi? Kepler hakumshutumu. Alikaa akapiga hesabu, na jibu lake linavutia. Kwa fimbo ya urefu fulani, kuna umbo moja la pipa linalobeba kingi kuliko mengine yote. Kwa bomba lililonyooka, ni pale urefu wa pipa unapokuwa karibu mara 1.4 ya kipenyo chake. Kwa fimbo yetu ya sentimita 100, pipa hilo lingebeba lita 604 na kidogo. Na Kepler aliona jambo ambalo ni muhimu zaidi: ukiwa karibu na umbo hilo bora, kosa dogo la fundi halibadilishi ujazo sana. Pipa letu la kwanza halina umbo kamili, kwani urefu wake ni mara 1.5 ya kipenyo, na bado limepungukiwa na lita moja na nusu tu.

Mafundi wa Austria walikuwa na desturi yao ya kutengeneza mapipa yenye umbo la karibu na hilo bora. Kwa mapipa yao, fimbo ilifaa. Lakini katika maeneo ya mto Rhine mapipa yalikuwa na umbo jingine, na fimbo ya Linz huko ingedanganya. Kwa maneno mengine, kipimo kilikuwa cha haki mahali pake, kwa chombo chake. Kikihamishwa bila kuchunguzwa, haki inapotea.

Kitabu kwa lugha ya watu

Kepler hakuishia kwenye pipa lake. Alitaka njia ya kupima ujazo wa vyombo vya maumbo mengi. Archimedes, mtaalamu wa Syracuse aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 kabla yake, alikuwa amepima tufe na maumbo mengine kadhaa. Kepler alisonga mbele. Alifikiria chombo kama kitu kilichokatwa vipande vyembamba sana, kama mtu anavyokata ndizi. Kila kipande kikiwa chembamba vya kutosha, ni rahisi kujua ukubwa wake. Kisha unavijumlisha vyote. Fikra hiyo ya kukata vipande vidogo na kujumlisha ni moja ya njia zilizowafikisha wanahesabu waliomfuata, Newton na Leibniz, kwenye hesabu zinazotumiwa leo na wahandisi wa madaraja na matangi ya maji.

Kitabu chake juu ya mapipa kilichapishwa Linz mwaka 1615 kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Lakini wauza divai, mafundi mapipa na makarani wa soko hawakusoma Kilatini. Kwa hiyo mwaka 1616 alitoa kitabu kingine kwa Kijerumani, chenye maelezo mepesi na ulinganisho wa vipimo vya mahali mbalimbali. Alitaka mnunuzi wa kawaida naye aweze kuhakikisha.

Mama mahakamani

Katika miaka hiyohiyo habari mbaya zilitoka kwao. Mama yake, Katharina, alishutumiwa kwa uchawi tangu mwaka 1615. Jirani alidai amedhurika baada ya kunywa kinywaji alichopewa naye, na maneno yakaenea. Mwaka 1620 alikamatwa akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akafungwa kwa minyororo. Kepler aliacha kazi yake Linz, akasafiri hadi Württemberg na kusimamia utetezi. Alichambua kila shutuma, akaonyesha ipi ilikuwa uvumi na ipi ilikuwa ugonjwa wa kawaida. Mwaka 1621 mama aliachiwa baada ya miezi 14 kifungoni. Alifariki mwaka uliofuata.

Ulm: chungu kimoja chenye vipimo vyote

Vita vilivyokuja kuitwa Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeanza mwaka 1618. Amri za dini zikafika Linz pia. Ferdinand yuleyule wa Graz sasa alikuwa Kaisari. Maktaba ya Kepler ilifungwa kwa muda, na mwaka 1626 wakulima walioasi waliuzingira mji. Moto ukateketeza kiwanda cha uchapaji kilichokuwa kikichapa majedwali yake ya sayari, kazi ya zaidi ya miaka 20. Mwezi Novemba 1626 Kepler aliondoka Linz na familia yake. Aliwaacha mke na watoto Regensburg, akaendelea peke yake hadi Ulm kutafuta mchapaji mwingine.

Majedwali yalichapwa Ulm mwaka 1627. Na wakati yuko pale, baraza la mji lilimpa kazi nyingine. Ulm ulikuwa mji wa biashara, na vipimo vyake vilikuwa vimevurugika. Kepler akapendekeza chombo kimoja kitakachotunza vipimo vyote vya mji. Kikatengenezwa chungu kikubwa cha shaba nyeusi chenye umbo la mduara. Kina chake kilikuwa futi 2 za Ulm. Upana wake ulikuwa sawa na kipimo cha mji cha kupimia kitambaa. Kikijazwa, kilibeba ndoo moja rasmi ya vinywaji. Uzito wa chungu kitupu ulikuwa vipimo vitatu na nusu vya uzito mkubwa wa mji, na kikijazwa maji ya mto Danube, vipimo saba kamili. Hata nafaka ilihesabiwa: kilielezwa ni mara ngapi kijazwe na kusawazishwa juu ili kupata idadi fulani ya vipimo vya nafaka.

Tazama akili iliyomo. Aliyetilia shaka kitambaa alichouziwa, mafuta, nafaka au uzito, wote waliweza kurudi kwenye chombo kimoja kilichowekwa na mji. Na kwa kuwa urefu, ujazo na uzito vilifungwa pamoja, ilikuwa vigumu kuchezea kimoja bila vingine kukushtaki. Chungu hicho kipo hadi leo, kimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulm. Aliyekibuni alikuwa mpita njia asiye na nyumba katika mji ule.

Mwisho wa safari

Mwaka 1628 Kepler alihamia Sagan, katika Poland ya leo, chini ya jenerali Wallenstein. Serikali ya Kaisari ilikuwa bado inadaiwa naye mishahara ya miaka mingi, karibu gulden 12,000. Katika vuli ya mwaka 1630 alipanda farasi kwenda Regensburg, ambako wakuu walikuwa wakikutana, akiwa na nia ya kushughulikia madai yake. Alifika akiwa mchovu, akashikwa na homa, akafariki tarehe 15 Novemba 1630. Alikuwa na umri wa miaka 58. Alizikwa nje ya kuta za mji, na miaka michache baadaye vita viliharibu makaburi yale. Leo hakuna ajuaye mahali kaburi lake lilipokuwa.

Deni lake halikulipwa akiwa hai. Lakini kanuni zake za sayari hutumiwa kila chombo kinaporushwa angani, na swali lake kuhusu fimbo ya divai lingali hai katika kila soko.

Jaribu mwenyewe

Kwa wanafunzi, wazazi na wafanyabiashara wadogo, haya ni mambo matatu ya kuchukua kutoka maisha ya Kepler.

Kwanza, angalia upana wa kopo kabla ya kimo chake. Kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 12 hubeba mililita 942. Ukilifupisha kimo kwa sentimita moja, unapoteza mililita 78 au 79. Lakini ukipunguza kipenyo kwa sentimita moja na kimo kibaki vilevile, unapoteza mililita 179, karibu sehemu moja ya tano. Macho yetu huona kimo haraka, na upana hutudanganya.

Pili, kubalianeni kabla ya kupima kama nafaka itasawazishwa juu kwa kijiti au itajazwa kwa kilima. Watu wa Ulm waliamua jambo hilo mapema. Kopo la kilima na kopo la kusawazisha ni vipimo viwili tofauti, hata kama kopo ni moja.

Tatu, mkiwa na mashaka, tafuteni chombo cha tatu ambacho pande zote mbili zinakiamini, kama chupa ya maji ya lita moja yenye maandishi ya kiasi. Jazeni kopo la muuzaji maji, myamimine kwenye chupa, mhesabu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, kwa sababu hesabu inamlinda na yeye. Ndivyo ilivyokuwa kwa muuza divai wa Linz: Kepler alipomaliza kupiga hesabu, fimbo yake ilionekana kuwa ya haki kwa mapipa yake, na tangu hapo palikuwa na uthibitisho.